Picha za Mkondo wa Pemba: yupi mgongo-kahawia, yupi mgongo-mweusi, na yupi tumuache tu

Jamaa mmoja anayefanya kazi kwenye boti za kuvua kwa mshipi pale Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, alinitumia picha saba za ndege wa baharini, zote mbovu kila moja kwa ubovu wake, na swali moja tu, hawa ni nani. Zilipigwa siku moja ya Septemba kwenye Mkondo wa Pemba, nyingine kwa simu iliyovutwa zumu mpaka mwisho, nyingine kwa kamera ndogo ya mteja. Nahodha wake alishamjibu kwamba wote ni shakwe na biashara imeisha. Mteja naye akasema ni buabua (tern kwa Kiingereza) mmoja yule yule kapigwa mara saba. Mi nikaomba picha zenyewe nikazikalia, na naandika hapa nilivyozisoma maana hiki kisa kina karibu kila kitu kinachotusumbua kwenye picha za mbali.

Kwanza kabla ya ndege, faili. Alizituma WhatsApp kama picha za kawaida, na WhatsApp inapokamua picha inakula kwanza vile vitu vidogo vidogo unavyovitafuta, mstari mwembamba wa nyusi, ukingo mweupe wa mkia, inabaki miraba miraba. Nikamwambia azitume upya kama dokyumenti, zile za orijino, bila kukata bila kupamba. Tofauti ilikuwa kubwa. Ndege alikuwa bado ni kidoa lakini sasa ni kidoa chenye kofia, yaani ule weusi wa utosini. Na faili la orijino linakuja na saa ya picha ndani yake, na saa ile itatufaa sana mbele, ngoja tu.

Sasa washukiwa wenyewe. Ukiwa kule nje kwenye maji ya kina, ukaona buabua mweusi juu na mweupe chini mwenye paji jeupe, kimsingi una wawili. Wa kwanza ni Onychoprion anaethetus, nitamwita mgongo-kahawia, na wa pili Onychoprion fuscatus, mgongo-mweusi. Huyu wa kwanza pwani yetu ni mwenyeji, anazaa miezi ya kusi kwenye visiwa vidogo vya mawe, kile kisiwa cha pale mbele ya Watamu wanachokiita Whale Island ni mojawapo, na vile vya Kiunga. Wa pili ni wa bahari kuu zaidi, Shelisheli kuna kisiwa ambacho wanazaa kwa mamia ya maelfu, na huku kwetu Tanzania wanazaa Fungu Kizimkazi, kile kijifungu cha matumbawe kusini mashariki ya Unguja ambacho ukikiona kwenye ramani unadhani ni uchafu wa kioo. Kwa hiyo Septemba kwenye Mkondo wa Pemba wote wawili wanawezekana kabisa, tarehe na mahali havikupi jibu. Nasema hivi kwa sababu zile programu za kutambua ndege kwenye simu zinaegemea sana mahali na tarehe, zikikosa cha kuona kwenye picha zinakupa aliye wa kawaida zaidi eneo lile na zinakupa kwa sauti ya uhakika kabisa, asilimia na nini.

Na kuna wa tatu anayeingia mlango wa nyuma, Anous stolidus, ambaye ni kahawia mwili mzima na utosi wa kijivu-jeupe. Yeye naye anazaa Fungu Kizimkazi. Mtu mzima wa kundi hili huwezi kumchanganya na wale wawili, ila kinda wa mgongo-mweusi hafanani kabisa na wazazi wake, ni mweusi-kahawia karibu mwili mzima na vidoa vyeupe mgongoni, hapo ndo balaa linapoanzia. Nitarudi huko.

Picha tatu za kwanza ni ndege mmoja aliyekaa juu ya dumu la plastiki linaloelea, dumu la njano la lita ishirini. Ni asubuhi, boti inayumba, picha mbili zimetikisika kwa kwenda juu na chini na moja imetulia kiasi lakini imeungua mwanga, yaani weupe wote umekuwa karatasi. Mteja alisema huyu ni mgongo-mweusi kwa sababu "mgongo ni mweusi". Kweli kwenye picha mbili mgongo unaonekana mweusi tii, kwenye ya tatu ni kahawia ya kijivu. Ndege ni yule yule, dumu ni lile lile, dakika ni ile ile! Simu tu ndo imebadili mawazo, mara imepima mwanga wa anga mara imepima maji. Kwa hiyo mtu akikuambia ndege ni mweusi au ni kahawia kutokana na picha ya mbali muulize mweusi kuliko nini.

Hili kwangu ndo jambo lenyewe la kisa chote. Rangi peke yake kwenye picha mbovu haina thamani. Chenye thamani ni rangi mbili zikiwa ndani ya picha moja, kwenye mwanga mmoja, kwenye mwili wa ndege mmoja, ipi imezidi ipi. Kamera ikidanganya inadanganya zote mbili pamoja, tofauti yao inabaki, labda inapungua lakini haigeuki kinyume.

Basi nikaacha kuuliza mgongo ni rangi gani, nikauliza kofia na mgongo vinalinganaje. Mgongo-mweusi kofia na mgongo ni kitu kimoja, weusi unashuka kutoka utosini hadi mkiani bila kituo. Mgongo-kahawia kofia yake ni nyeusi lakini mgongo ni hafifu zaidi, na kati yao pale kisogoni panakuwa na ukanda mwepesi, kama kola ya shati iliyofuliwa sana. Kwenye zile picha tatu, hata ile ambayo mgongo umetoka mweusi, kofia ilikuwa nyeusi zaidi, na chini ya kofia kulikuwa na pumziko la rangi kabla mgongo haujaanza. Picha zote tatu. Ingekuwa moja ningesema ni mwanga umepiga shingo.

Njia rahisi ya kuliona hili ni kinyume cha wanachofanya wengi. Watu wakipata picha ya mbali wanaikuza, wanaikuza, mpaka ndege anakuwa matofali. Wewe ipunguze. Iweke ndogo ukubwa wa stempu, rudi nyuma kidogo na kiti, utaona mapande ya weusi na weupe yamekaa wapi bila kusumbuliwa na makwaruzo. Na ile iliyoungua mwanga usiipandishe, ishushe mwangaza kwenye programu yoyote ya kuhariri, mara nyingi kuna kitu kimefichwa ndani ya weupe. Ile ya tatu nilipoishusha paji la uso likatokea na umbo.

Paji ni hoja ya pili na watu wengi wangeanza nalo. Wote wawili wana paji jeupe. La mgongo-mweusi ni pana, fupi, linaishia kwenye jicho. La mgongo-kahawia ni jembamba na linaendelea kuwa nyusi nyeupe inayopita juu ya jicho hadi nyuma yake. Kwenye vitabu hii ndo alama kuu na ndege akiwa karibu ni sawa kabisa, lakini kwenye picha ambayo kichwa kizima ni pikseli kumi na kitu kwa upana, nyusi ni pikseli moja au mbili, na pikseli mbili zinaweza kuwa chochote, tone la maji, mng'ao, au simu yenyewe. Mimi niliona mwanga mwembamba nyuma ya jicho kwenye picha moja na kwenye nyingine ya kutikisika niliona kama upo. Nikaihesabu kama shahidi wa kuunga mkono, sio shahidi mkuu.

Na hapa lazima nisimulie kitu, maana jamaa mwingine aliyeziona hizi picha akaamua kusaidia, akaipitisha moja kwenye programu ya kunolesha picha kwa akili bandia, akanirudishia ndege mwenye nyusi safi kama kachorwa wanja, jicho linang'aa, na manyoya yanahesabika. Sasa nyusi ile ilikuwepo, au programu imekumbuka maelfu ya ndege wengine iliowaona ikamvisha huyu? Huwezi kujua, na kwa kuwa huwezi kujua ushahidi huo umekufa. Mbaya zaidi simu zenyewe siku hizi zinafanya hivyo kimyakimya ukivuta zumu ya mbali, zinakisia na kujaza. Nilimjibu kwa heshima tu kwamba ni picha nzuri ya ukutani.

Tabia nayo inasema kidogo. Mgongo-kahawia anapenda sana kukaa juu ya vitu vinavyoelea, magogo, madumu, maboya, hata mgongo wa kasa. Mgongo-mweusi ni mtu wa angani, hakai kai hovyo juu ya maji, na vijana wao wakishaondoka kisiwani wanakaa baharini miaka kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa. Sio sheria, anaweza kutua akichoka, lakini ukijumlisha kofia, kola, ile nyusi ya mashaka na dumu, mi huyu namuandika mgongo-kahawia na nalala usingizi.

Nahodha alileta hoja ya ukubwa, kwamba huyu wa dumu alikuwa "mdogo mdogo" kuliko wale wa alasiri. Kwa vipimo ni kweli mgongo-mweusi anazidi, mabawa yakikunjuliwa ni kama sentimita 82 hadi 94, mwenzake anacheza kwenye 80 hivi. Ila tofauti hiyo kwa jicho la mtu kwenye boti inayoruka mawimbi ni ndoto, ndege peke yake juu ya maji matupu hana saizi. Lile dumu ni kipimo kizuri kweli na nilijaribu kulitumia, lakini limezama nusu na limegeukia pembeni, hujui unapima urefu au upana. Nikaliacha.

Picha ya nne mpaka ya sita ni hadithi nyingine. Alasiri, kundi juu ya jodari waliokuwa wanafukuza dagaa juu juu, maji yanachemka, ndege wanapiga mbizi nusu nusu bila kuingia. Kwenye picha moja nilihesabu ndege watano, wengine ni vistari tu. Mwanga ulikuwa mzuri, jua liko magharibi nyuma ya mpiga picha na ndege wako upande wa Pemba, lakini umbali ulikuwa mkubwa na picha zina ule mtetemo wa mvuke wa joto unaofanya kingo zichezecheze. Hapo huwezi kutafuta nyusi. Sahau kichwa kabisa.

Cha kutafuta kwenye ndege wanaoruka ni chini ya bawa. Mgongo-mweusi chini ya bawa ana pande mbili zinazogombana, mbele nyeupe safi, nyuma kwenye manyoya ya kurukia nyeusi, na mpaka kati yao umekatwa kama kwa rula. Mgongo-kahawia naye ana weupe mbele na weusi nyuma lakini manyoya yake ya kurukia ni meupe-meupe pale yanapoanzia, kwa hiyo weusi unabaki nchani na ukingoni na mpaka unayeyuka. Kwenye picha ya tano ndege wawili wameinua mabawa wakati mmoja, na hata kwa mtetemo ule unaona mikanda miwili mieusi minene iliyojitenga na weupe wa mbele. Jambo la kuangalia ni kivuli, maana bawa lililoinuliwa linajitia kivuli lenyewe na kivuli kinaweza kuigiza weusi. Ila kivuli kingefanya na sehemu ya mbele iwe nyeusi, hakichagui manyoya. Hapa mbele ilibaki nyeupe, tena nyeupe kuliko tumbo.

Halafu juu. Ndege mmoja kwenye picha ya nne amegeuza mgongo, na kuanzia kichwani hadi mkiani ni weusi mmoja usiokatika, hakuna kola, mkia nao mweusi wenye uzi mweupe pembeni tu. Mgongo-kahawia mkia wake ni wa kijivu na pembeni weupe ni mpana, kwa mbali mkia unaonekana mweupe pembeni wazi kabisa. Sikutosheka na huyo mmoja, maana mgongo-mweusi aliyechakaa manyoya naye anageuka kahawia juani na mgongo-kahawia kwenye kivuli anageuka mweusi, tumeshaliona hilo. Ila hapa kulikuwa na kitu cha bahati, jeki ya boti, ule mlingoti wa fimbo za kuvulia, umeingia kwenye kona ya picha na umepakwa rangi nyeusi. Mgongo wa ndege ulikuwa unakaribia weusi ule ule. Umbali haufanani kwa hiyo usiitumie kama mizani ya dhahabu, ukungu wa hewa unapausha vya mbali. Lakini kama ndege wa mbali amepaushwa na ukungu na bado ni mweusi hivyo basi uhalisia wake ni mweusi zaidi, sio pungufu. Hoja inaegemea upande mmoja na upande huo ndo wetu.

Kuwafuata jodari peke yake hakuthibitishi kitu, wote wanafanya. Lakini kundi zima la kubana vile, kelele, kwenye kina, ni picha ya mgongo-mweusi. Wale wawili wa picha ya tano na yule wa picha ya nne nimewaandika mgongo-mweusi. Wale vistari wengine siwaandiki kwa kuwa wamefuatana na wenzao, makundi ya jodari yanachanganya watu, na mtu akiandika "watano" kwa sababu watatu wameeleweka anaharibu data ya mwenzake.

Sasa ya saba. Hii ndo iliyozua maneno kuliko zote na mi nadhani ndo yenye funzo la kiufundi kubwa zaidi.

Ndege mmoja, mweusi wote, anaruka chini karibu na maji. Jamaa wa Shimoni akasema Anous, mteja akasema kinda wa mgongo-mweusi, na mteja akawa na hoja: ukikuza unaona weupe chini ya mkia, na kinda wa mgongo-mweusi kweli ana weupe-weupe pale, wakati Anous ni kahawia mpaka mwisho. Hoja nzuri sana kwenye karatasi.

Nikaangalia saa ya picha, ni jioni kabla ya saa kumi na mbili. Nyuma ya ndege kuna mstari wa bara na vilima. Kwa hiyo mpiga picha ameelekea magharibi, jua liko mbele yake, ndege yuko kati. Yaani picha ni ya kivuli. Ndege yeyote aliyepigwa hivyo ni mweusi, hata kunguru-zege akiwa na kifua chake cheupe angetoka mweusi, kwa hiyo "mweusi wote" yenyewe imeshuka thamani nusu. Angeweza hata kuwa mtu mzima wa mgongo-kahawia tumbo likiwa kivulini, ingawa weupe wa tumbo kawaida unapata mwanga kidogo kutoka majini na hapa sikuuona.

Ule weupe wa chini ya mkia je? Niliufuata. Ni uzi mwembamba unaofuata ukingo wa mwili. Nikaangalia ukingo wa juu wa bawa, upo uzi mwingine, hafifu. Nikaangalia boya jeusi lililoko mbali kushoto kwenye picha hiyo hiyo, nalo limezungukwa na uzi mweupe pande zote! Hiyo ni kamera inanoa picha, inapoona giza limegusana na mwanga inazidisha mwanga kwenye mpaka ili macho yako yaone ukali. Boya halina manyoya meupe chini ya mkia. Kwa hiyo kabla hujaamini ukingo mweupe wowote kwenye ndege wa mbali tafuta kitu kingine cheusi ndani ya picha, kamba, nguzo, mkono wa mtu, uone kama nacho kimevaa.

Kilichobaki ni umbo. Mkia wa Anous ukifungwa ni mrefu na wa kabari, kinda wa mgongo-mweusi mkia una panda, haujachongoka kama wa mzazi. Kwenye picha mkia umebanwa na umeelekea upande wetu, haukatai wala haukubali. Mabawa ya Anous ni mapana kidogo na anapiga taratibu zaidi, lakini simu zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, bawa linalopiga haraka linapinda kwenye picha, nikipima upana wa bawa hapo napima simu. Nilimuuliza kama alirekodi video hata ya sekunde tatu, video mbaya inakuonyesha mwendo ambao picha nzuri haina. Hakurekodi.

Mteja hakufurahi, alitaka jina. Na sio kwamba picha mbovu hazifai, hapana. Mwaka 2003 huko New Zealand watu walipiga picha za kandege kadogo ka baharini karibu na Whitianga, mwanzoni wakaona ni jamii nyingine inayojulikana, baadaye mistari ya tumboni ikalinganishwa na ngozi tatu za karne ya 19 zilizoko makumbusho ya Ulaya, kumbe ni aina iliyodhaniwa imeshatoweka duniani. Picha zaidi zikapatikana Novemba mwaka huo huo, na 2013 wakagundua wanazaa kisiwa cha Hauturu. Lakini pale kulikuwa na alama ndani ya picha inayoweza kulinganishwa, mistari, na ndege kapigwa zaidi ya mara moja. Ya saba yetu ina kivuli, uzi wa uongo na mkia uliofungwa.

Basi kwenye orodha ya siku ile kimeingia hivi: mgongo-kahawia mmoja, mgongo-mweusi watatu, na wale wa jodari waliobaki nimewaweka kwenye ile nafasi ya pamoja ya eBird, ule mtandao wa kuandikia ndege walioonekana, inayomaanisha mmoja kati ya hao wawili. Wa saba ameingia kama buabua asiyetambulika na picha imeambatishwa ilivyo, orijino, pamoja na saa na uelekeo wa jua kwenye maelezo. Jamaa wa Shimoni nimemwambia akimuona tena mweusi wa aina hiyo amwombe nahodha azungushe boti mpaka jua liwe mgongoni, apige mfululizo bila kuvuta zumu ya mwisho, na apige hata wakati ndege anageuka kwa sababu mkia unafunguka wakati wa kugeuka. Kasema nahodha atazungusha boti kwa ajili ya jodari tu, ila ataona.